Jibu kwa aliyeuliza: Wasumeri hawakushushiwa maarifa, walianza na hesabu za shayiri

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nimeangalia vidio nyingi zinasema Wasumeri walitokea ghafla wakiwa na kila kitu, maandishi, miji, sheria, elimu ya nyota, kwa sababu walifundishwa na Anunaki waliotoka sayari ya Nibiru kuja duniani kuchimba dhahabu. Wengine wanasema walikuwa watu weusi maana walijiita vichwa vyeusi. Alafu wakapotea, hakuna anayejua walienda wapi. Ukweli ni upi? Na je wana uhusiano wowote na sisi huku pwani?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza moja lakini humo ndani yapo kama manne, ngoja niyachambue bila haraka, maana kila mwezi lazima nitumiwe hizo vidio na mtu.

Tuanze na hilo neno "ghafla", kwa sababu ndo mlango wanaoingilia hao jamaa wote. Ghafla kwa nani? Kwa mtu anayeanza kuhesabia mwaka 3200 KK pale mji wa Uruk ulipokuwa tayari mkubwa una mahekalu na makarani, huyo kweli ataona kama umedondoka toka juu. Sasa nenda Eridu, mji wa zamani wa Wasumeri, kusini kabisa mwa Iraki ya leo. Kati ya 1946 na 1949 Fuad Safar, mtaalamu wa Iraki kwao, akiwa na Mwingereza Seton Lloyd, walichimba hapo wakakuta hekalu, chini yake hekalu lingine, chini yake tena lingine, tabaka kwa tabaka kama mtu anavyomenya kitunguu, mpaka kule chini kabisa wakafikia kijichumba cha matofali mabichi chenye ukubwa wa kama mita 3 kwa 3, kina kijimeza cha sadaka. Kwenye mahekalu ya juu walikuta mifupa ya samaki, yani watu walikuwa wanamletea mungu wao samaki. Kutoka kijichumba kile mpaka hekalu kubwa ni zaidi ya miaka elfu moja ya kubomoa, kusawazisha na kujenga juu yake kubwa zaidi kidogo. Kama kulikuwa na walimu toka angani basi walikuwa walimu wazito mno, miaka elfu nzima wanafundisha kupanua chumba.

Alafu iangalie ile nchi yenyewe. Kusini mwa Iraki hakuna jiwe la maana, hakuna mbao za kujengea, hakuna shaba, hakuna dhahabu, na mvua haitoshi kulima. Kuna tope, matete, samaki, mitende, kondoo na jua. Ukitaka kula lazima uchimbe mfereji toka mto Frati, na mito ya huko ina ukorofi wake, inafurika Aprili na Mei wakati shayiri iko tayari shambani inasubiri kuvunwa, tofauti na Nile ambayo ilikuwa inafurika kwa wakati mzuri kwa mkulima. Kwa hiyo unahitaji kingo, unahitaji watu wa kuzibua mifereji maana kila mwaka inajaa tope, unahitaji ghala, na ukishakuwa na ghala unahitaji mtu wa kuandika nani kaingiza nini na nani katoa nini. Na kwa vile mbao, mawe na shaba vyote viko kwa majirani, lazima uwe na cha kuwauzia, na hicho kikawa hasa nguo za sufu na nafaka. Hapo ndo penye siri yote. Karani wa ghala ndiye aliyeanzisha maandishi, hakuna cha nabii wala mgeni wa angani.

Na hilo halikutokea siku moja. Tangu kama mwaka 8000 KK, kwenye vijiji vya toka Iran mpaka Syria, watu walikuwa wanatumia kete ndogo za udongo kuhesabia, fikiria kete za bao lakini zenye maumbo, hii kama pia ya kuchezea, hii mviringo, hii bapa. (Kila umbo lilimaanisha nini hasa, wataalamu bado wanabishana, mimi siingii huko.) Kufika kama 3500 KK, Uruk na Susa kwa majirani zao Waelamu, wakaanza kuzifungia hizo kete ndani ya donge la udongo lenye ukubwa wa chungwa na kulipiga muhuri kwa nje, ili anayesafirisha mzigo asichezee hesabu njiani. Wizi wa mizigo haujaanza leo. Shida ikawa kwamba ukitaka kuhakiki lazima ulivunje donge. Basi mtu mmoja mwenye akili, au wengi tu, wakaanza kuzigandamiza zile kete kwa nje kabla ya kuzitia ndani, ili alama zionekane. Na ukishakuwa na alama nje, kete za ndani za nini tena? Donge likapondwa likawa kibao bapa, kete zikaachwa, kikaja kijiti cha tete cha kuchoma alama kwenye udongo mbichi. Alama zenyewe baadaye zikawa na umbo la kabari, ndo tunaita maandishi ya kikabari.

Vibao vya zamani kabisa vya Uruk tunavyo kama 5,000 ukihesabu na vipande, na vingi havikukutwa kwenye maktaba ya siri, vilikuwa vimetupwa, vimetumika kama kifusi cha kujazia chini ya majengo! Karatasi za ofisi zilizokwisha kazi. Sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80, ni hesabu tupu: kondoo, shayiri, bia, nguo, watumwa. Iliyobaki ni orodha za maneno za kufundishia makarani wapya, orodha ya vyeo, ya samaki, ya vyombo. Kuna kimoja maarufu kinaandika vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37 na mwishoni kuna alama inayosomeka Kushim, ambayo inaweza kuwa jina la mtu au cheo cha ofisi, na kama ni mtu basi ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani ambao jina lao limeandikwa. Siyo mfalme wala kuhani mkuu. Ni mtu wa stoo, aliyehusika na shayiri ya kupikia bia. Bia yenyewe walikuwa wanakunywa kwa mirija mirefu wamekizunguka chungu kimoja, ipo kwenye mihuri yao, na waliowahi kukaa kwenye pombe ya malwa kule Uganda hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa kutoka hesabu ya kondoo mpaka kuandika lugha kuna hatua moja kubwa na naipenda kuielezea kwa Kiswahili kwa sababu inaeleweka haraka. Chukua neno "paa". Kumchora paa mnyama ni rahisi, pembe mbili na miguu minne. Lakini utachoraje kitenzi, kwamba ndege anapaa? Unachora yule yule mnyama, msomaji anasikia sauti "paa" anaelewa. Wasumeri walifanya hivyo hivyo: mshale kwao ulikuwa "ti", na uhai pia "ti", basi wakachora mshale kumaanisha uhai. Siku walipogundua kwamba alama inaweza kusimama kwa sauti badala ya kitu, ndo wakaweza kuandika majina ya watu, viambishi, na mwishowe sentensi. Na hata hapo hakukuwa na haraka, toka vibao vya kwanza vya hesabu mpaka nyimbo na methali za kwanza kuandikwa, kama mwaka 2600 KK, imepita miaka karibu 600. Mimi ghafla siioni.

Hata ile namba 60 ambayo watu wanaishangilia sana, dakika 60, nyuzi 360, inatokana na ughalani huko huko. 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30, ukiwa unagawa posho kwa vikosi vya vibarua utaipenda tu. Mwanzoni hata hawakuwa na mfumo mmoja, kondoo walihesabiwa kwa alama zao, nafaka kwa zake, eneo la shamba kwa zake, kama bibi zetu walivyokuwa na pishi na kibaba kwa nafaka na huwezi kupimia kitambaa kwa pishi. Baadaye sana wanajimu wa Babeli wakaichukua 60 kupimia anga, Wagiriki wakaichukua kwao, na leo iko mkononi mwako kwenye saa.

Haya, Anunaki. Hili jina lipo kweli kwenye vibao, sikatai. Ni jina la kundi la miungu wakubwa, na katika maandishi ya baadaye wanaonekana zaidi kama miungu wa kuzimu wanaohukumu wafu. Hakuna kibao kinachosema walitoka sayari yoyote. Nibiru nayo ipo, ila kwa Kiakadi, lugha ya majirani zao wa kaskazini, ni "neberu" maana yake kivuko, pale unapovukia mto, na kwenye maandishi ya unajimu inatajwa kama nyota ya mungu Marduk, mara nyingi ikiwa ni Jupita, sayari unayoweza kuiona mwenyewe usiku bila darubini. Ile stori ya sayari iliyojificha yenye watu iliandikwa miaka ya 1970 na mwandishi aliyejitafsiria mwenyewe na ambaye tafsiri zake wasomaji wa kikabari hawazikubali, siyo kwa sababu wanaficha kitu bali kwa sababu kamusi zipo, sarufi ipo, na maelfu ya vibao yamewekwa wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza. Mimi nilikaa miaka kadhaa nikivisoma mpaka macho yakaanza kudai, nilikuwa nategemea kukutana na siri, nikakutana na madeni ya mbuzi.

Na dhahabu je? Kuna hadithi ya Atrahasis, ya Kiakadi, ya karne ya 18 au 17 KK hivi, inasema miungu wadogo walichoshwa na kazi, wakachoma vifaa vyao moto, wakazingira nyumba ya bosi wao Enlil usiku, kwa lugha ya leo waligoma. Ndipo binadamu wakaumbwa kwa udongo uliochanganywa na damu ya mungu mmoja aliyechinjwa ili wabebe ile kazi. Kazi gani? Kuchimba mifereji. Dhahabu haimo kabisa! Na ukishajua wanaosimulia ni watu ambao kila mwaka wanaingia kwenye tope kuzibua mfereji, unaona kabisa hadithi imetoka wapi, wamejiuliza tu swali la kila mfanyakazi, kwamba kwanini mimi.

Utaletewa pia ile orodha ya wafalme, kwamba mfalme wa kwanza, Alulim wa Eridu, alitawala miaka 28,800, na wanane wa kabla ya gharika jumla miaka 241,200. Gawa hizo namba kwa 3,600, yani 60 mara 60. Ya kwanza inatoa 8 kamili, ya pili 67 kamili. Wale walikuwa wanaandika namba za duara kubwa kuonyesha kwamba zamani ilikuwa zamani hasa, na orodha yenyewe ilikuwa na kazi ya siasa, kuonyesha kwamba ufalme siku zote huwa katika mji mmoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo vibao vingine vinalikataa kabisa maana miji ile ilikuwa inagombana kila kukicha. Lagash na Umma waligombania shamba moja la mpakani kwa vizazi na vizazi, wakaweka mawe ya mpaka, wakayang'oa, wakakopeshana shayiri kwa riba mpaka deni likawa namba ya kuchekesha, na Eannatum wa Lagash kwenye miaka ya 2450 KK akachonga jiwe linaloonyesha tai wakiruka na vichwa vya askari wa Umma. Jiwe liko Louvre, Paris. Ugomvi wa shamba la mpakani, unaona? Hawa ni watu kama sisi kabisa.

Kuhusu vichwa vyeusi. Ni kweli walijiita "sag-giga", na sag ni kichwa, giga ni nyeusi. Lakini neno lilitumika kumaanisha watu kwa ujumla, raia, kundi la mfalme, na Waakadi nao wakalitafsiri na kulitumia kwa watu wote waliokuwa chini ya wafalme wao. Wasomaji wengi wa kikabari wanaona linahusu nywele. Rangi ya ngozi hawaizungumzii, haikuwa habari kwao. Kwa hiyo anayesema kwa uhakika walikuwa weusi kama mimi na wewe, na anayesema walikuwa weupe, wote wawili wamebeba mizozo ya leo na kuwatwisha watu wa miaka 5,000 iliyopita. Tunachojua vizuri ni lugha yao, na lugha yao haina ndugu hata mmoja. Siyo ya Kisemiti, siyo ya Kihindi, siyo ya Kibantu (nimeona mtu ameipanga na Kisukuma, kwa kweli nilicheka), iko peke yake. Nchi yao waliiita Kiengi, hilo la Sumeri ni jina walilopewa na majirani.

Na majirani ndo jibu la "walipotelea wapi". Kaskazini yao kidogo waliishi Waakadi, wa ukoo mmoja wa lugha na Kiarabu na Kiebrania. Walikaa pamoja tangu mwanzo, wakaoana, wakaazimana maneno. Kama mwaka 2334 KK Sargoni wa Akadi akampiga Lugalzagesi, Msumeri aliyekuwa amejikusanyia miji ya kusini, akampeleka amefungwa shingoni mpaka lango la mungu Enlil kwenye mji wake wa Nippur, akaanzisha dola iliyoiunganisha miji yote. Binti yake Enheduanna akawekwa kuhani mkuu wa mji wa Uru, na tenzi zilizobeba jina lake zinamfanya mwandishi wa kwanza duniani anayejulikana kwa jina. Binti wa Kiakadi, tenzi za Kisumeri. Hapo tayari huwezi kutenganisha nani ni nani. Magharibi, Syria, kulikuwa na Ebla, ambako mwaka 1974 na 1975 Waitaliano walikuta maelfu ya vibao yakiwa yameanguka toka kwenye rafu zilizoungua. Mashariki Waelamu, wao na maandishi yao ya mwanzo ambayo mpaka leo hayajasomeka yote. Milimani Waguti, ambao Wasumeri waliwasema vibaya sana.

Ufalme wa mwisho wa Kisumeri ni wa nasaba ya tatu ya Uru, 2112 mpaka 2004 KK, na kama unapenda urasimu huo ndo wenyewe. Tuna vibao zaidi ya 100,000 vya kipindi hicho kifupi. Kibarua mwanaume alipewa kwa kawaida sila 60 za shayiri kwa mwezi na mwanamke 30, sila ikiwa karibu lita moja. Kila mbuzi aliyekufa ana risiti. Sheria za Urnammu, mfalme wa kwanza wa nasaba hiyo, zilikuwa za faini, ukimtoboa mtu jicho unalipa nusu mina ya fedha, karibu robo kilo. Alafu Waamori wafugaji wakaanza kuingia toka magharibi, mfalme Shusin akajenga ukuta mrefu kuwazuia, haukusaidia. Njaa ikaingia, bei ya shayiri ikapaa. Zipo barua, tunazijua kupitia nakala za wanafunzi wa baadaye kwa hiyo huenda zimetiwa chumvi, zinazosimulia kwamba mfalme wa mwisho Ibbisin alimtuma ofisa wake Ishbierra na fedha akanunue nafaka, naye akanunua kweli, akakaa nayo kule mji wa Isin, akajitangaza mfalme. Mwaka 2004 KK Waelamu wakaingia Uru wakamchukua Ibbisin wakaenda naye Elamu.

Lakini watu hawakupotea! Walibaki pale pale, mashamba yale yale, wakawa wanaongea Kiakadi, kama koo ngapi huku kwetu zimeacha lugha ya babu na kuhamia Kiswahili bila mtu yeyote kufa. Hamurabi wa Babeli, aliyetawala 1792 mpaka 1750 KK, ni wa ukoo wa Waamori, anatawala watu ambao mababu zao walikuwa Wasumeri, Waakadi na Waamori, na anaandika sheria kwa Kiakadi. Na Kisumeri kikabaki shuleni kama Kilatini kilivyobaki kanisani. Shule waliita edubba, nyumba ya vibao. Kuna kisa kimoja cha shuleni wanafunzi walikuwa wanakinakili, mtoto anaeleza siku yake: kachelewa, kachapwa, kaongea darasani, kachapwa, mwandiko mbaya, kachapwa, na mwalimu wa Kisumeri kamchapa kwa kuwa hakuongea Kisumeri. Aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili shuleni ataelewa mara moja. Mwisho wa kisa, baba anamwalika mwalimu nyumbani, anamlisha, anamvika nguo mpya na pete, na ghafla mtoto anasifiwa kuwa bora kuliko wote. Miaka karibu 4,000 iliyopita, na bahasha ilikuwepo.

Makarani waliendelea kukisoma na kukinakili Kisumeri mpaka karibu na zama za Kristo, na kibao cha mwisho cha kikabari tunachoweza kukiwekea tarehe ni cha nyota, cha miaka ya 70 BK. Kutoka Kushim mpaka hapo ni zaidi ya miaka 3,000.

Swali la mwisho, sisi huku pwani. Hapa nitakwenda polepole maana ndipo watu wanapoharibu. Cha kwanza ni maneno. "Hekalu" unalolisoma kwenye Biblia ni la Kisumeri: e ni nyumba, gal ni kubwa, egal, nyumba kubwa ya mfalme. Waakadi wakasema ekallu, Waebrania hekal, na sisi tukalipata. (Usije ukaniambia na Ikulu imetoka huko kwa sababu zinafanana, Ikulu ni ya Kinyamwezi, na -kulu ni kubwa kwa Kibantu, watu wawili wasiojuana wameita nyumba ya mkubwa kwa wazo lile lile, basi.) "Tanuru" la matofali ni tinuru la Kiakadi lililopitia Kiaramu na Kiarabu. Na "maskini" linanifurahisha kuliko yote. Kwenye sheria za Hamurabi kuna tabaka la watu linaitwa mushkenu, mtu wa kawaida, asiye bwana wala mtumwa, na asili ya neno ni kuinama. Bwana akimtoboa bwana mwenzake jicho, naye anatobolewa lake. Akimtoboa mushkenu, analipa mina moja ya fedha. Huyo mushkenu ndiye maskini wetu, kasafiri na Kiaramu na Kiarabu mpaka Kilwa akiwa bado ameinama. Maneno kama damu, nuru na kaburi ni tofauti kidogo, hayo Kiakadi kilikuwa nayo, damu, nuru, kabru, ila siyo kwamba Kiarabu kiliazima, ni urithi wa ukoo mmoja.

Cha pili ni bahari. Shaba ya Sumeri ilikuwa inatoka Magan, na Magan ndo Omani na upande wa Emarati, ikipitia Dilmun ambayo ni Bahrain. Gudea, mtawala wa Lagash, aliagiza huko jiwe gumu jeusi la kuchongea sanamu zake. Ras al Jinz, karibu na Sur, mji ambao wazee wetu wengi wa Unguja wanaujua, wachimbaji walikuta vipande vya lami vyenye alama ya matete na kamba upande mmoja na viumbe wadogo wa baharini wenye magamba wameganda upande wa pili, yani kalafati ya vyombo vya matete vya enzi hizo. Na pale Uru kuna kibao cha kama 1750 KK ambacho mteja aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Eanasir kwamba amemletea shaba mbovu, na kwamba Eanasir alimwambia mjumbe wa Nanni kama mnataka chukueni, kama hamtaki nendeni zenu. Kiko makumbusho ya Uingereza, London.

Cha tatu, na hiki wengi hawakijui, ni kidani kilichochimbwa Tell Asmar, mji wa Eshnuna wa zamani, kaskazini mashariki mwa Bagdadi, cha kama 2500 mpaka 2400 KK. Vipimo vya kikemia vilivyochapishwa mwaka 1991 vikaonyesha kimetengenezwa kwa sandarusi, yani utomvu wa mti ulioganda, na sandarusi yenyewe ya aina inayotoka kwenye miti ya pwani ya Afrika Mashariki, upande wa Zanzibar mpaka Msumbiji na Madagaska. Sasa usikimbie kupiga kelele kwamba Wasumeri walifika Zanzibar. Ni kidani kimoja. Waswahili hawakuwepo bado, na kwenye vibao hakuna jina la nchi unaloweza kulibandika pwani yetu, Meluha wanayoitaja kwa meli na pembe za ndovu ni bonde la Indus, ni karne nyingi baadaye ndo Waashuri wakalitumia jina hilo kwa Nubia na watu wakachanganya. Kipande cha sandarusi ni chepesi, kinang'aa ukikisugua, mtu mmoja anampa mwingine, huyo anampa wa chombo kinachopanda na pepo, kinaweza kupita mikono ishirini na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kimetoka wapi wala kinaishia wapi.